Tatu kwa moja: mdundo wa swingi kwenye baridi ya Mufindi

Ushauri unaotolewa bure kwenye tii ya kwanza, pale mchezo unapoanzia, karibu kila kiwanja cha gofu, ni "pole pole". Mpira umepinda kulia: pole pole. Fimbo imechota udongo kabla ya mpira: pole pole. Mpira umegongwa utosini ukatambaa kwenye majani: pole pole. Anayeshauri ana nia njema kabisa. Lakini kwa yale tuliyoyaona katika kucheza na kufundishana huku Nyanda za Juu Kusini, ushauri huo umeharibu swingi (mizunguko ya fimbo ya kupiga mpira) nyingi kuliko ulizozitengeneza. Mtu akiambiwa apunguze kasi, hupunguza pale panapopunguzika kirahisi, yaani wakati wa kupandisha fimbo. Fimbo inapanda kwa uangalifu mwingi, inafika juu imepoa, misuli imelegea, na hapo hana tena cha kuishushia isipokuwa nguvu za mabega. Anaivuta. Mpira unapinda kulia kuliko ule wa kwanza, naye anaambiwa tena pole pole.

Kuna mambo mawili yanayochanganywa hapa. Tempo ni muda wote wa swingi, tangu kichwa cha fimbo kinapoondoka nyuma ya mpira hadi kinapourudia na kuugonga. Mdundo ni jinsi muda huo unavyogawanywa kati ya kupanda na kushuka. Tempo ni ya mtu binafsi, inafuata mwili na tabia yake. Mdundo unakaribiana sana kwa wachezaji wote wazuri, na huo ndio wa kulindwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Mmarekani John Novosel alihesabu picha za video za wachezaji wa kulipwa, zikiwa picha 30 kwa sekunde, akakuta jambo moja linajirudia: kupandisha fimbo huchukua muda mara tatu ya kuishusha hadi kwenye mpira. Wako wenye picha 21 kwa 7, wako wenye 24 kwa 8, wako wenye 27 kwa 9. Robert Grober, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Yale, naye alipima kwa vifaa vyake mwenyewe akaangukia karibu na uwiano huohuo. Ukitaka kuuona kwa macho, tafuta video za Waafrika wawili waliotamba mwaka 1994: Nick Price wa Zimbabwe, aliyechukua Open ya Uingereza na ubingwa wa PGA (chama cha wanagofu wa kulipwa wa Marekani) mwaka huo, na Ernie Els wa Afrika Kusini, aliyechukua US Open. Price anapiga haraka. Els anaonekana kama hana pa kwenda. Ila hakuna hata mmoja anayevuta fimbo kutoka juu, na hakuna anayefika juu akakwama.

Geuza picha hizo kuwa sekunde. Mtu wa 24 kwa 8 anapandisha fimbo kwa sekunde 0.8 na kuishusha kwa chini kidogo ya sekunde 0.27. Swingi nzima hadi kugonga mpira ni sekunde moja na chembe. Wengi wanaoambiwa kwamba wana haraka hutumia zaidi ya hapo. Wanaonekana wana haraka kwa sababu nguvu yao yote imetumika mahali pasipostahili.

Kabla ya zoezi lolote, jipime. Chombo ni simu. Iegemeze kwenye begi au kwenye mti, mita tatu hadi nne mbele yako, ikikutazama kifuani, kwa kimo cha kiuno. Simu za kawaida hurekodi picha 30 kwa sekunde, na zenye uwezo wa kurekodi mwendo taratibu hufika 120 au 240. Kama yako inaweza 120, tumia hiyo, kwa sababu kwenye picha 30 ukikosea picha moja tu wakati wa kushuka umeshapotoka kwa zaidi ya asilimia 12. Kwa picha 120, uwiano mzuri wa katikati ni 96 kwa 32. Kwa 240 ni 192 kwa 64. Kama huna njia ila picha 30, piga mipira mitano, hesabu yote, chukua wastani.

Picha za kutafuta ni tatu. Ya kwanza ni ile ambayo kichwa cha fimbo kimeanza kuondoka nyuma ya mpira. Usihesabu kule kuchezesha fimbo kwa matayarisho. Ya pili ni ile ambayo fimbo imeacha kwenda nyuma na bado haijaanza kurudi. Angalia fimbo yenyewe, kwa sababu kiuno huwa kimeshageuka mapema. Ya tatu ni ile ya kugonga. Hesabu kutoka ya kwanza hadi ya pili, kisha kutoka ya pili hadi ya tatu, gawanya.

Mambo mawili huwapotosha watu hapa. Asubuhi ya ukungu simu nyingi hupunguza zenyewe idadi ya picha ili zipate mwanga wa kutosha, na hesabu yako inakuwa ya uongo bila wewe kujua. Subiri jua litoke. Pili, hesabu kwenye video ya asili iliyo kwenye simu iliyorekodi. Ikishapitishwa WhatsApp imebanwa, na picha zinaweza kuwa zimepotea.

Ukipata kitu kama 36 kwa 9, yaani nne kwa moja au zaidi, wewe ndiye mhanga wa "pole pole". Misuli ya mgongo na mabega ikivutwa kwa mwendo unaofaa hujikunja kama ukanda wa mpira uliovutwa na kurudi kwa nguvu yake yenyewe. Ikivutwa taratibu mno, nguvu hiyo inapotea kabla hujaitumia. Kinachobaki ni mikono na bega la kulia, navyo hupeleka fimbo nje ya njia yake, ikashuka ikikata mpira kutoka nje kwenda ndani. Huo ndio mpira unaopinda kulia kwa anayepigia mkono wa kulia. Dawa yake itakushangaza: pandisha fimbo haraka zaidi. Kushusha usikuguse kabisa.

Ukipata kitu kama 20 kwa 10, tatizo ni jingine. Hapa kupanda kumekatishwa. Mikono imegeuza fimbo kabla mwili haujamaliza kuzunguka, na kushuka kumekuwa kuzito, kwa sababu fimbo haikupewa njia ndefu ya kuchukulia kasi. Mtu huyu mara nyingi huchota udongo mpira mmoja na kugonga utosi wa mpira unaofuata, kwa kuwa sehemu ya chini kabisa ya mzunguko wake inahama kila mara. Naye hapunguzi chochote. Anachohitaji ni kuzungusha mabega mpaka mgongo utazame anakolenga, halafu mguu wa mbele, ulio upande huo anakolenga, upokee uzito kabla fimbo haijamaliza kupanda.

Hilo la mguu wa mbele ndilo kiini cha mambo yote, na ndilo gumu kulifundisha kwa maneno. Uzito unaanza kurudi mguu wa mbele wakati fimbo bado inakwenda nyuma. Sehemu mbili za mwili zinakwenda pande mbili tofauti kwa muda mfupi mno. Huwezi kuuamuru mwili kufanya hivyo kwa kufikiri. Lazima uuwekee mdundo, uufuate wenyewe.

Kwa mdundo huo hatutumii "moja, mbili". Tunatumia maneno ya silabi tano. Silabi ya kwanza fimbo inaondoka, ya nne iko juu, ya tano ni mpira. Kutoka ya kwanza hadi ya nne ni nafasi tatu, kutoka ya nne hadi ya tano ni nafasi moja: tatu kwa moja kamili. Huku kwetu "Twe-nde-Mu-fi-ndi" inakaa vizuri sana, kwa sababu mkazo unaangukia "fi", pale hasa fimbo inapogeuka, na "ndi" inatoka yenyewe mpira unapoondoka. Wa Iringa wanaweza kusema "Ka-mwe-ne-ba-ba". Wa Rungwe waseme "Twe-nde-Tu-ku-yu". Yote yana silabi tano na mkazo uleule. Ulimi usirefushe silabi ya nne kupita kiasi, maana ukisema "Mufiiindi" umejijengea kituo juu, na kituo hicho ndicho kinachoua nguvu. Sema kwa sauti ya kusikika mwanzoni. Aibu ikizidi, sema moyoni, lakini meno yasikazane, kwa kuwa taya likikaza, mabega nayo yanakaza.

Mwendo wa silabi ndio tempo yako. Pakua programu yoyote ya metronomu, yaani ya kugonga mapigo sawasawa, zile wanazotumia wanakwaya na wapiga gitaa, zipo za bure. Mapigo 225 kwa dakika ni sawa na 24 kwa 8. Mapigo 200 ni 27 kwa 9. Mapigo 257 ni 21 kwa 7, lakini programu nyingine haziendi juu hivyo. Kama yako inaishia chini ya 225, weka 75: fimbo iondoke kwenye pigo moja na ifike juu kwenye pigo linalofuata, halafu mpira ugongwe kwenye theluthi ya kwanza ya nafasi inayofuata. Ukishazoea kutamka, zima simu.

Kuchagua mwendo ni kazi ya uso wa fimbo. Paka poda ya mtoto kidogo kwenye uso wa fimbo namba 7, piga mipira mitano kwa mwendo wa 200, ukifuta na kupaka upya kila baada ya mpira. Tazama alama ya kila mpira imekaa wapi. Rudia kwa 225, kisha kwa 257 kama unaweza. Mwendo ambao alama zake zimekusanyika karibu na katikati ndio wako, hata kama si ule unaoupenda. Vijana wengi huja wakitaka ule wa haraka, na alama zao zinatapakaa kutoka ncha hadi kisigino. Wazee wanaodhani wao ni wa polepole mara nyingi hukusanya vizuri kwenye 225. Mwendo ukishapatikana, ni uleule kwa swingi zote kamili, kuanzia draiva, fimbo ya kupigia mbali kuliko zote, hadi fimbo fupi. Draiva ni ndefu zaidi na kichwa chake kinakwenda mbali zaidi ndani ya muda uleule. Huna haja ya kuikimbiza.

Sasa mazoezi. Walio wengi Mbeya, Iringa na Njombe hawana uwanja wa kupigia mipira karibu na nyumbani, na hilo si kikwazo kikubwa kama linavyofikiriwa, kwa sababu mdundo hujengwa vizuri zaidi bila mpira. Mpira ukiwapo, mwili unataka kuupiga.

Anza na taulo. Chukua taulo la kuogea, liloweshe, kamua, funga fundo kubwa mwisho mmoja, shika mwisho wa pili kama unavyoshika fimbo. Lizungushe kwa silabi zako tano. Mdundo ukiwa sawa, taulo linanyooka nyuma yako, linagusa bega au mgongo, kisha linashuka likiwa limenyooka. Ukivuta mapema, taulo linalegea katikati na fundo linakuzunguka shingoni. Hakuna mwalimu anayesema ukweli kwa haraka hivyo. Mara 20 asubuhi, 20 jioni, zinatosha. Zaidi ya hapo mikono inachoka na kuanza kudanganya.

Zoezi la pili ni la sauti. Geuza fimbo namba 7, shika upande wa kichwa, karibu na shingo yake, ili mshiko uwe ndio unaozunguka. Zungusha. Utasikia mvumo. Kinachotakiwa ni mvumo uwe mkubwa pale ambapo mpira ungekuwa na mbele kidogo yake. Ukisikika juu ya bega la kulia, umetumia kasi yako yote hewani na umefika kwenye mpira ukiwa mtupu. Usijaribu kuuhamisha kwa kuongeza nguvu. Legeza mshiko kwanza. Kama kushika kwa nguvu zote ni 10, shika kwa 4, na iwe 4 kuanzia kuondoka hadi kumalizia. Mara nyingi kosa ni kuanza na 4 na kufika juu na 9.

Zoezi la tatu ni la hatua, nalo ndilo linalofundisha mguu wa mbele. Simama miguu imeshikana, fimbo nyuma ya mpira wa kufikirika. Anza kupandisha. Fimbo inapokaribia juu, kwenye silabi ya tatu, piga hatua na mguu wa mbele kuelekea unakolenga, kama upana wa mabega, kisha acha fimbo ishuke. Anayechelewa kupiga hatua hadi fimbo iwe imeshafika juu atajikuta anaangukia nyuma. Likishakuwa rahisi, weka mpira halisi na fimbo namba 8 au 9, lakini kwa nusu ya swingi, na usitazame umekwenda wapi.

Waliokulia mashambani wana faida ambayo hawaijui. Mtu aliyefyeka majani ya shule kwa fyekeo anajua tayari kuacha uzito wa chuma ufanye kazi, maana anayelazimisha fyekeo hamalizi hata nusu ya eneo lake. Makedi (wabeba mifuko ya fimbo) wengi wanaopiga vizuri bila kufundishwa na mtu wameanzia hapo. Tofauti ni moja na lazima isahihishwe: fyekeo linaishia kwenye majani, wakati fimbo ya gofu inaupita mpira na kuendelea mpaka mikono iko juu ya bega la kushoto na tumbo linatazama mbele. Wenye tabia ya fyekeo husimamisha fimbo mara tu baada ya kugonga. Wabakie wamesimama kwenye mmalizio, uzito wote mguu wa mbele, mpaka mpira utue.

Hali ya hewa ya huku inaingilia mdundo kuliko watu wanavyokiri. Kiwanja cha Mufindi, kilichozungukwa na mashamba ya chai, kiko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,900, na asubuhi za Juni na Julai baridi ni kali. Mwili wenye baridi haugeuki. Mabega yanaishia nusu ya njia, fimbo inageuka mapema, na yule wa 24 kwa 8 anajikuta 18 kwa 8 bila kubadili nia yoyote. Vidole vyenye baridi navyo hushika kwa nguvu ili vihisi kitu. Kwa hiyo fika dakika 15 kabla. Tembea kwa kasi, zungusha kiwiliwili huku fimbo imelala mabegani, piga taulo lako. Vaa nguo mbili nyembamba na kizibao kisicho na mikono badala ya jaketi moja nene linalobana makwapa. Shika kikombe cha chai ya moto kwa mikono yote miwili mpaka zamu yako ikaribie. Chai yenyewe haijatoka mbali.

Mwinuko nao una hila yake. Hewa nyepesi huupeleka mpira mbali zaidi, kati ya asilimia 1 na 2 kwa kila mita 300. Mpira unaokwenda mita 140 pwani unaweza kuvuka 150 Mufindi. Mgeni kutoka Dar es Salaam anapitiliza grini, yale majani mafupi yenye shimo, mara mbili, halafu anaanza kupunguza swingi akiwa katikati ya kushuka. Hiyo ndiyo "pole pole" mbaya kuliko zote, kwa sababu fimbo inapunguza mwendo hasa pale inapotakiwa iwe na kasi kubwa. Achukue fimbo fupi kwa namba moja, kama 8 badala ya 7, na apige kwa silabi zilezile. Upepo wa mbele unadai kinyume chake: fimbo ndefu kwa namba moja au mbili, silabi zilezile. Kuongeza nguvu dhidi ya upepo huongeza mzunguko wa mpira, nao unapanda juu na kudondoka karibu. Na baada ya kupanda kilima kwa miguu, usipige moyo ukiwa bado unadunda. Pumua mara mbili, utoe pumzi ndefu kuliko uliyovuta, ndipo uweke fimbo nyuma ya mpira.

Karibu na grini na juu yake uwiano hubadilika, unakuwa mbili kwa moja. Silabi nne zinatosha, na Wanyakyusa wametupatia: "U-go-ni-le". Kuondoka, katikati, juu, mpira. Metronomu iwe 200. Muda haubadiliki kwa mpira wa mita 1 wala wa mita 10. Kinachobadilika ni urefu wa njia ya fimbo. Asubuhi kukiwa na umande grini ni nzito, na kishawishi ni kuusukuma mpira kwa mkono. Refusha njia ya fimbo nyuma kwa upana wa kiganja, acha silabi zifanye kazi.

Ndani ya mashindano usijaze kichwa mambo haya yote. Beba maneno yako ya silabi tano tu. Mnaocheza pamoja mkubaliane jambo moja la kuambiana, na liwe "Kaka, umeanza kuvuta", basi, bila uchambuzi. Mdundo ukikimbia katikati ya raundi, draiva ndiyo fimbo mbaya kuliko zote ya kuutafutia. Kwenye tii inayofuata, hata shimo likiwa refu, chukua fimbo namba 8, igeuze, isikilize ikivuma mara tatu, kisha igeuze tena na upige nayo swingi ya robo tatu. Utapoteza mita nyingi kwenye shimo hilo moja. Kwenye tii ya pili baada ya hapo, rudisha draiva mkononi.